Wasia Hauvuki Theluthi: Mhadhara juu ya Kuyaaga Yaliyopita

 Mada ya leo haina mtu isiyemhusu.

Niliombwa nizungumze juu ya kuachana na yaliyopita na kusonga mbele. Nilipokubali, nilijua ni methali gani itakayonitangulia ukumbini. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tunaitamka kwenye suluhu ya mke na mume, kwenye kikao cha ukoo, kwenye majukwaa ya siasa. Ni methali njema, na imeokoa nyumba nyingi. Lakini nimeishi umri wa kutosha kuiona ikitumika pia kama kufuli. Mtu anaanza kusimulia lililomsibu, hajafika katikati, anaambiwa yaliyopita si ndwele. Ananyamaza. Na sisi, kwa kuwa amenyamaza, tunadhani amepona.

Ndwele ni ugonjwa. Mimi jioni ya leo nataka kuiongezea methali hiyo neno moja tu. Yaliyopita *yakazikwa* si ndwele. Yasipozikwa huwa ndwele, tena huwa donda ndugu, lile lisilokauka, linalomlazimisha mtu kupanga maisha yake yote kulizunguka. Kwa hiyo swali langu kwenu ni hili: yaliyopita huzikwaje? Naamini wazee wetu walitujibu zamani, na jibu lao tunalo kinywani kila siku bila kulisikiliza.

1. Karafuu juani

Mama yangu alizaliwa Pemba, akaolewa huku Tanga. Alikuwa akitusimulia habari za msimu wa karafuu alipokuwa msichana. Karafuu zikishachumwa huchambuliwa, yaani huondolewa makonyo, kisha huanikwa juu ya majamvi zipigwe jua kwa siku kadhaa, mpaka zigeuke rangi na kuwa ngumu. Siku hizo nyumba nzima macho yao huwa angani. Wingu likitanda, wa kwanza kuliona hupiga ukelele: "Anueni!" Kila mtu huacha alichoshika akakimbilia majamvini.

Kuanua ni kuondoa kitu ulichokuwa umekianika. Nguo huanuliwa, dagaa huanuliwa, mpunga huanuliwa. Na matanga vilevile, wazee wetu walisema, huanuliwa.

Hebu tulitafakari neno hilo. Wangeweza kusema matanga hutupwa, au husahauliwa. Walichagua neno la kazi ya uani. Kitu kinachoanuliwa kilikuwa kimeanikwa kwa makusudi: kilitolewa ndani, kikatandazwa mbele za watu, kikaachiwa jua. Kikishakauka hurudishwa ndani, kwa sababu bado kina thamani. Ndivyo walivyoitazama huzuni. Ilikuwa na mahali pake, ilikuwa na mashahidi, na ilikuwa na siku yake ya kwisha.

Mama alisema kuna njia mbili za kuziharibu karafuu. Ya kwanza ni kuanua mapema. Ukizirundika zikiwa na unyevu hupata joto ndani kwa ndani, zikavunda, na wewe unayeuona mzigo kwa nje hujui. Njia ya pili ni kutoanua kabisa, mpaka mvua izikute nje. Nimefundisha watoto na watu wazima kwa miaka mingi, na karibu kila mtu niliyemwona ameshindwa kuagana na yaliyomsibu alikuwa ameingia katika mojawapo ya njia hizo mbili. Ama aliharakishwa kukauka, ama aliachwa nje peke yake.

Mila na dini zetu zilijua hatari zote mbili, ndiyo maana ziliweka hesabu. Mjane wa Kiislamu asiye na mimba hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Mwenye mimba, eda yake huisha anapojifungua. Wafiwa wengine hawatakiwi kuomboleza zaidi ya siku tatu. Huko bara kuna wanaonyoa nywele, kuna wanaogawa nguo za marehemu, kuna wanaokutana tena siku ya arobaini. Taratibu zinatofautiana, lakini zote zina mwanzo unaotangazwa na mwisho unaotangazwa. Mjane anapotoka edani, wanawake wenziwe huja kumtoa. Hatoki kwa kunyemelea. Anarudishwa duniani na watu walewale walioshuhudia akiondoka.

2. Hasara zisizo na mkeka

Hayo yote ni kwa aliyefiwa na mtu. Na aliyefiwa na kitu kingine?

Baba yangu alikuwa fundi mitambo katika shamba moja la mkonge hapa mkoani. Kazi yake ilikuwa korona, ile mashine inayopokea majani ya mkonge na kutoa singa. Wengi wenu mna historia hiyo majumbani. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893 kwa miche michache iliyopandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa inatoa zaidi ya tani 230,000. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba yakadorora, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 20,000. Nyumbani kwetu anguko hilo lilikuwa na sura ya mtu mmoja. Asubuhi moja, mwanzoni mwa miaka hiyo, majina yalisomwa kwenye karatasi na jina la baba likawemo. Alikuwa na miaka 47. Alirudi na ovaroli yake imekunjwa kwapani na mfuko wa spana begani.

Mwaka huohuo bibi yetu, mama yake baba, alifariki. Nawaomba mlinganishe misiba hii miwili.

Bibi alipofariki, kabla ya adhuhuri ua ulikuwa umejaa. Majirani walileta mikeka, masufuria, kuni na mchele bila kuombwa. Hakuna aliyemuuliza baba mama yake amekufa kwa kosa la nani. Siku ya tatu ilisomwa hitima, watu wakala, wakamwombea. Baba alilia mbele za watu na akashikwa mkono. Ilipopita arobaini, aliweza kulitaja jina la mama yake na kutabasamu.

Baba alipopoteza kazi, hakuna aliyeleta mkeka. Watu walipita karibu na ua wetu wakitazama upande wa pili. Wapo waliouliza alifanya nini hata akapunguzwa yeye na si fulani. Wengine, kwa nia njema kabisa, walisimama mlangoni wakasema, "Fundi, yaliyopita si ndwele," wakaenda zao. Kwa miaka 6 baba aliamka saa 10 na nusu alfajiri, saa ya king'ora cha shamba, ingawa king'ora kilikuwa kimenyamaza. Alivaa ovaroli, akakaa kizingitini mpaka jua lichomoze. Mama alikaanga vitumbua, nasi tukavitembeza. Jamaa walimwita mvivu. Baba hakuwa mvivu. Alikuwa mfiwa ambaye hakuna aliyempa pole.

Tukimtafuta mtu wa namna hiyo katika mitaa yetu hatutakwenda mbali. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam. Jengo hujengwa upya kwa saruji. Je, aliyeona mtaji wa miaka mingi ukigeuka majivu hujengwa upya kwa nini? Yupo mama ambaye mimba yake imeharibika, akaambiwa atapata mwingine. Yupo kijana aliyefeli kidato cha nne, picha yake ya sare ya shule ikaondolewa ukutani. Yupo mstaafu ambaye simu yake imeacha kulia. Yupo mwanamke aliyepewa talaka: dini imempa eda, muda wa kutulia na kujua anasimama wapi, na sisi majirani tumempa umbea.

Mwaka 1989 mtaalamu mmoja wa Marekani, Kenneth Doka, alitoa kitabu kuhusu huzuni ambayo jamii haiitambui. Huzuni ya mtu ambaye wenzake hawampi haki ya kuomboleza, kwa kuwa kilichompotea hakihesabiwi kuwa msiba. Jambo hilo sisi tunalijua kwa vitendo, na hata methali ya kulihalalisha tunayo. Tunasema: msiba wa kujitakia hauna kilio.

Naiheshimu hazina ya methali zetu, na nimeifundisha maisha yangu yote, lakini hii naipinga hadharani. Hakuna msiba usio na kilio. Aliyecheza na ndoa yake ikavunjika, aliyekopa bila hesabu akafilisika, aliyeacha shule kwa ujeuri wa ujana: hao wana vilio viwili. Kimoja ni cha kilichopotea, cha pili ni cha mkono ulioupoteza. Tukiwanyima vyote viwili, hatuwafundishi adabu. Tunawaacha nje na karafuu zao, mvua ikinyesha.

3. Mambo manne ya mirathi

Sasa nije kwenye namna ya kufanya. Nitaazima mpangilio ambao Waislamu waliomo humu wanaujua kama sheria, na ndugu zangu wengine nawaomba waupokee kama mfano. Mtu akifariki akaacha mali, mali hiyo haigawanywi ovyo. Kwanza hutolewa gharama za maziko. Pili hulipwa madeni. Tatu hutekelezwa wasia, na wasia kwa kawaida hauvuki theluthi ya kilichobaki. Nne, kinachosalia hugawiwa warithi. Ukiuruka mlango mmoja, yote yaliyofuata yana dosari. Naamini sehemu ya maisha iliyokufa nayo ina mirathi, na mirathi hiyo hufuata milango hiyohiyo minne.

*Mlango wa kwanza ni maziko.* Kuzika ni kukubali kwamba aliyekufa amekufa, na kulitaja jina lake. Mtu aliyeachika huenda kwa miaka miwili akisema mambo yake hayajakaa sawa. Yamekaa, ndoa imekwisha. Aliyefilisika husema biashara imelala kidogo. Maneno haya ya kuficha ni ubani unaochomwa penye maiti ambaye bado yumo ndani. Wafiwa wa kweli husema "amefariki", na neno hilo, kwa uzito wake wote, ndilo linalofungua njia ya kwenda makaburini.

Anayeona haya kulisema mbele za watu aanze na karatasi. Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani, James Pennebaker, pamoja na mwenzake, walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika 15 kila siku, kwa siku 4 mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida. Wengine waliandika juu ya jambo lililowaumiza kuliko yote maishani. Walioandika lililowaumiza pamoja na hisia zao walitoka wazito wa moyo siku hizo, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Nawaombeni mtambue pande zote mbili za habari hiyo. Kusema kuliwaumiza kwanza, ndipo kukawasaidia.

Yapo pia maziko ya taifa zima. Majirani zetu wa Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, walifungua vikao vya gacaca, ambapo wanakijiji walikaa pamoja kusikiliza nani alifanya nini. Vikao hivyo vilianza mwaka 2002, vikafungwa mwaka 2012, na vilisikiliza mashauri yanayokaribia milioni 2. Vilikuwa na kasoro, na waliovikosoa walikuwa na hoja. Lakini humo ndimo familia nyingi zilimoambiwa kwa mara ya kwanza wapendwa wao walitupwa wapi, zikaenda, zikawafukua, zikawazika kwa heshima. Na kila tarehe 7 Aprili Wanyarwanda huanza kipindi cha kumbukumbu cha siku 100 kiitwacho Kwibuka, maana yake kukumbuka. Wamekipa kilio chao kikubwa mahali katika kalenda. Watu waliopoteza kiasi kile wametufundisha kwamba kuendelea na maisha na kukumbuka vinaweza kukaa nyumba moja.

*Mlango wa pili ni madeni.* Yapo unayodaiwa na yapo unayodai. Unayodaiwa lipa. Kama katika kuanguka kwako ulimwangusha mwingine, mwendee umwombe radhi, na kama ulichukua chake, kirudishe. Nimewaona watu wanaosali sana wapate utulivu, kumbe utulivu wao uko mtaa wa pili, kwa ndugu waliyemdhulumu kiwanja.

Unayodai ni mtihani mgumu zaidi. Warithi wakikuta marehemu anadai, wana hiari: wadai, au wasamehe. Nakupa hiari hiyohiyo wewe uliyedhulumiwa. Kama haki yako inapatikana kwa mjumbe, kwa kadhi, kwa mahakama, ifuate. Kuifuata haki si kung'ang'ania yaliyopita. Na nawasihi wanaosuluhisha: msimwambie asamehe mtu ambaye bado anaumizwa. Anayepigwa leo hana yaliyopita ya kuachilia; ana leo ya kukimbia, na wajibu wetu ni kumfungulia mlango. Lakini kwa deni ambalo mdaiwa wake amekufa, amehama, au ameapa hatalilipa kamwe, jiulize ni miaka mingapi utaendelea kukaa kizingitini kwake ukingoja. Samahani yake ingekuja ingekufaa. Usiyafanye maisha yako yategemee kuja kwake.

*Mlango wa tatu ni wasia,* na hapa ndipo lilipo neno nililowabebea jioni hii. Yaliyopita yana haki ya kutuusia. Ndoa iliyovunjika ina la kumwambia mtu anayetaka kuoa tena. Duka lililofilisika linajua mambo ya mtaji ambayo shule ya biashara haiyajui. Asiyetaka kuusikiliza wasia huo ataurudia msiba uleule kwa sura nyingine. Lakini wasia, mabibi na mabwana, hauvuki theluthi! Hata aliyechuma mali yote kwa jasho lake, akishafariki, amri yake hukoma kwenye fungu moja kati ya matatu. Kwa nini? Kwa sababu mali inayobaki ni ya walio hai.

Basi itazame theluthi ya maisha yako. Mtu aliumwa na nyoka, sasa akiona unyasi hushtuka. Hiyo ni akili, huo ni wasia wa halali. Lakini akikataa kupita penye nyasi zote, akaacha shamba, akaacha kumtembelea mjomba wake, nyoka yule amerithi kila kitu. Aliyedanganywa na mchumba mmoja akaapa kwamba wanadamu wote ni waongo, amemwachia mwongo mmoja nyumba nzima. Ukiona jambo la zamani ndilo linaloamua unapoishi, unayemwamini, unachothubutu na unachoota usiku, jua kwamba umevuka theluthi. Rudisha kilichozidi. Ni mali ya walio hai, na aliye hai ni wewe.

*Mlango wa nne ni urithi wenyewe,* yaani kile kilicho chako halali, cha kuondoka nacho. Na hapa nitamtaja mtu mmoja.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa wa asili ya utumwa. Baba Mnyamwezi na mama Mzigua, asili ya huku kwetu. Mtoto alipewa jina la Mtumwa. Fikirieni kuitwa hivyo kila asubuhi. Alijifunza ufinyanzi kwa mama yake, akawa anachukua vyungu kwenda kuvinadi, na sauti yake ya kunadi ilisikika kutoka mbali. Aliolewa, ndoa haikudumu. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba taarabu, na mwaka 1928 alikuwa Mumbai akirekodi santuri kwa Kiswahili, santuri zilizosikilizwa pwani nzima. Walitokea wa kumdharau kwa wimbo, wakimkumbusha alikotoka na kwamba alikuja mjini akiwa hana kitu. Naye aliwajibu kwa wimbo. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert, mtoto wa Tanga, akamwandikia wasifu.

Jina la Mtumwa Siti aliliacha. Ndoa aliiacha, kijiji alikiacha, na hata vyungu aliviacha. Sauti ya kunadia vyungu hakuiacha. Aliibeba mpaka Mumbai. Kuna siku mtu anatazama nyuma akaona maisha yake ya zamani ni lundo la vigae, akataka kulifagia lote. Mimi namwambia asifagie kabla hajainama. Ndani ya lundo lile kuna kitu kimoja kisichovunjika, na mara nyingi alikipata katika siku zilezile anazozilaani.

4. Siku baba alipoanua

Mwaka wa 6 wa ukimya wa baba, shangazi yangu alikuja kutoka Muheza. Alikaa siku mbili akitazama tu. Alfajiri ya tatu alitoka akamkuta kaka yake kizingitini, ndani ya ovaroli, gizani.

"Kaka," akamwambia, "nani amefariki humu ndani?"

"Hakuna aliyefariki."

"Basi mbona matanga yenu hayaishi?"

Baba hakujibu. Jumamosi iliyofuata shangazi alitandika mikeka uani, akapika pilau, akawaita wenzake baba 11 waliopunguzwa pamoja naye, na mmoja aliyebaki kazini. Wakakaa tangu asubuhi. Walisimulia habari za korona: siku ilipokatika mkanda, mwenzao aliyepoteza vidole viwili, usiku walioutumia kuifungua mashine yote na kuifunga tena, ilivyonguruma kulipopambazuka. Walicheka, na kuna waliolia, wanaume wazima, mbele ya watoto wao. Kisha baba akamgeukia yule aliyebaki kazini. Walikuwa marafiki, na kwa miaka 6 baba hakumwamkia. Akamwambia, "Nilikuchukia kwa kuwa jina lako halikusomwa. Niwie radhi." Yule akasimama akamkumbatia.

Alasiri mzee mmoja aliomba dua. Baba aliingia ndani akatoka na ovaroli imefuliwa na kukunjwa, akampa kijana wa jirani aliyekuwa anajifunza kutengeneza baiskeli. Spana hakuzitoa. Shangazi akakunja mkeka wa kwanza, akasema, "Tumeanua."

Jumatatu baba alikwenda kijiji cha pili, ambako mashine ya kusaga nafaka ilikuwa imekufa kwa miezi miwili. Aliitengeneza. Mwaka haukuisha kabla wenye mashine za kusaga kutoka Muheza hadi Korogwe hawajalijua jina lake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini hata mhunzi anahitaji siku ya kuililia koleo yake. Sitawaambia kwamba baba aliacha kuamka saa 10 na nusu. Aliamka saa hiyo mpaka mwaka aliofariki. Ila sasa alikuwa na mahali pa kwenda.

5. Ombi langu

Karibu kila mtaa wetu una chama cha kufa na kuzikana. Tunachanga, tunaandikana kwenye daftari, na mwanachama akifiwa tunajua nani analeta turubai, nani anapika, nani anakwenda kumpokea mgeni stendi. Ustadi huo tunao. Naomba tuupanue. Mwenzetu akiunguliwa duka, akipunguzwa kazini, akiachika, mwanawe akifeli, twende na mkeka. Tusiende na ushauri siku ya kwanza. Anayetandika mkeka kwa mfiwa haanzi kwa hotuba. Tukae, tusikilize habari za kilichokufa, tuulize kilikuwaje kilipokuwa hai. Tukubaliane siku ya kuanua, na siku hiyo tuje tena, tumtoe edani kwa mikono yetu. Na yule ambaye siku zimepita nyingi na bado halali, hali, wala haoni sababu ya kuishi, tumsindikize hospitali kama ambavyo tungemsindikiza mwenye homa.

Na wewe uliyekaa humu ukiwa na jambo ambalo hujamwambia mtu, sikutaki ulisahau. Nataka ulizike, ulipe na usamehe unachoweza, uusikilize wasia wake usiovuka theluthi, kisha uchukue kilicho chako. Kama hakuna aliyekuja na mkeka, tandika wako na umwite mmoja. Mmoja anatosha kuwa shahidi.

Mama alisema mwenye kuona wingu kwanza ndiye mwenye wajibu wa kupiga ukelele. Hakuna aliyepita barabarani akaona karafuu za jirani nje, mbingu zimefunga, akasema si zangu. Shangazi yangu aliona wingu juu ya nyumba ya kaka yake baada ya miaka 6. Majirani wote walikuwa na macho, nami nilikuwa mmoja wa waliolala ndani ya nyumba ile.

Spana za baba ninazo mimi sasa. Sijui kufungua hata nati moja, lakini kila mwaka nazipaka mafuta, na mwanangu wa pili ameanza kuniuliza kila moja hufanya kazi gani.